Kabla ya Kununua Sensa, Pima Waya Wake: Hitilafu za Umeme kwenye Enjini ya EFI ya Zamani

Corolla yangu ya mwaka 1993, ile ya AE100 yenye enjini ya 5A-FE ya EFI (yaani petroli hupulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta), ilinisumbua kwa takriban miezi miwili. Asubuhi iliwaka mara moja bila shida, lakini ikishapata moto na kukaa kwenye foleni, sailensa, yaani mzunguko wa enjini bila kukanyaga mafuta, ilianza kupanda na kushuka, moshi mweusi ukawa unatoka, na nikiizima ilikataa kuwaka tena mpaka nikanyage pedeli ya mafuta hadi chini. Taa ya cheki enjini haikubaki ikiwaka hata siku moja. Gereji niliyokuwa nikiitegemea ilinibadilishia plagi za cheche, ikasafisha nozeli, kisha ikanishauri ninunue kontroli boksi (kompyuta ya enjini) iliyotumika. Kabla ya kutoa fedha hizo nilikwenda Kariakoo, nikanunua mita ya dijitali, na nikaanza kupima mwenyewe.

Nilianza na betri, na ninamsihi kila mwenye gari la umri huu afanye hivyo, kwa sababu umeme ukiwa mdogo vipimo vyote vinavyofuata hupoteza maana. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na wakati stata inazungusha enjini isishuke chini ya volti 9.6. Yangu ilikuwa nzima, na fyuzi ya EFI pia.

Hatua ya pili ilikuwa kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kontroli boksi huzihifadhi, kazi ambayo kwa Toyota nyingi za miaka hiyo haihitaji mashine yoyote. Chini ya boneti kuna kijisanduku chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha enjini, kisha unahesabu jinsi taa ya cheki enjini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni kodi 22, yaani saketi ya sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule bila kutulia, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Yangu ilipepesa mfululizo, na hapo ndipo watu wengi huhitimisha kwamba umeme hauna tatizo.

Hitimisho hilo si sahihi. Kontroli boksi haioni joto la maji; inaona volti tu, na volti hiyo inategemea ukinzani wa sensa (kiasi inachozuia umeme, kinachopimwa kwa ohm) pamoja na ukinzani wa waya na plagi zote za kuunganishia zilizo njiani. Sensa ya joto ya enjini hizi husoma kati ya ohm 2,000 na 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi kati ya ohm 200 na 400 yakifika nyuzi 80. Waya ukikatika kabisa, kodi 22 hujitokeza. Lakini pini ikiota kutu ya kijani na kuongeza ohm elfu moja na kitu, jumla inabaki ndani ya kiwango kinachowezekana, kwa hiyo kontroli boksi haina sababu ya kulalamika: inaamini tu kwamba enjini bado ni ya baridi, na inaamuru nozeli zimwage petroli zaidi.

Basi nikapasha enjini mpaka feni ya rejeta ikawaka, nikaizima, nikachomoa plagi ya sensa na kupima sensa yenyewe: ohm 290. Nikairudisha plagi, nikachomoa soketi ya kontroli boksi chini ya dashibodi, nikapima kati ya pini ya THW (ishara ya joto la maji) na ya E2 (waya wa kurudi wa sensa): ohm 2,100. Sensa ilikuwa ikisema maji yamechemka vya kutosha, ila upande wa pili habari ilifika kwamba maji ni kama ya bombani. Nilipoitazama plagi kwa tochi niliona pini moja imepata ukoko wa kijani, na waya ulioshika pini hiyo ulikuwa mweusi ndani ya mpira wake kwa urefu wa sentimita tatu hivi. Niliukata hadi nilipokuta shaba inayong'aa, nikaunga pini mpya kwa risasi, nikafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha nikapima tena ncha zote mbili. Safari hii zilikubaliana, na moshi haukurudi.

Waya za ethi, zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri, zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hapo mita inaweza kukudanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utasoma karibu ohm sifuri, lakini mzigo ukipita unashindwa. Kwa hiyo ethi upime kwa volti huku umeme ukipita: ncha moja ya mita kwenye bloku ya enjini, nyingine kwenye hasi ya betri, na mtu akupigie stata. Ukiona zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, fungua boliti za ethi, zisugue kwa msasa na uzikaze upya, pamoja na zile zilizofungwa kwenye manifoldi ya hewa, ambazo kontroli boksi na nozeli huzitegemea.

Kuna mazoea mawili ninayoomba yaachwe kabisa. La kwanza ni kupima waya za kontroli boksi kwa taa ya balbu, ambayo huvuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyoweza kubeba. La pili ni kuchomoa betri enjini ikiwa inanguruma ili kupima jenereta; volti hupanda ghafla, na kontroli boksi iliyokuwa nzima inaweza kuungua hapohapo.

Ukimaliza kutengeneza gari lililokuwa na kodi, toa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike, irudishe, endesha mpaka enjini ipate moto kamili, kisha uunganishe tena TE1 na E1 na uhesabu upya.