Kwa Wanaoanza Somo la Uajemi na Uyunani ya Kale

Wanafunzi wengi wanaoingia katika somo hili huja wakiwa wamekwisha kutoa hukumu: Wayunani walipigania uhuru, na Waajemi walikuwa umati wa watumwa uliosukumwa vitani kwa mijeledi. Nami niliingia hivyo hivyo. Insha yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nane zilizojaa Marathon, Thermopylae na Salamis, mapigano makubwa ya Wayunani na Waajemi. Mwalimu wangu aliirudisha bila kusahihisha hata koma, ila chini ya ukurasa wa mwisho aliandika kwa penseli kwamba mashahidi wangu wote walitoka nyumba moja. Ilinichukua muhula mzima kuelewa alichokuwa akinidai, na ndicho ninachotaka kuwaeleza ninyi mapema.

Anzeni na majina, kwa sababu lugha yetu imekwisha kuwafanyia sehemu ya kazi. Neno Uajemi limetufikia kutoka Kiarabu, ambako ajam ni watu wasiosema Kiarabu. Wayunani nao waliwaita wote wasiosema lugha yao barbaroi, yaani watu wa kubwabwaja. Neno Uyunani lina kisa cha ajabu zaidi. Wenyewe waliiita nchi yao Hellas, lakini Waajemi walikutana kwanza na watu wa Ionia, ile miji ya Kiyunani iliyokuwa kwenye pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, wakawaita Yauna. Kwa hiyo kila tunaposema Uyunani badala ya Ugiriki, tunawatazama watu hao tukiwa tumesimama upande wa mashariki. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana akiba nyingine: Koreshi ndiye Cyrus, Ahasuero kwa kawaida hutambuliwa kuwa Xerxes, Artashasta ni Artaxerxes, na Shushani ni Susa. Yaandikeni majina hayo kwa jozi, na mkumbuke kwamba wafalme walioitwa Dario walikuwa watatu. Nimewahi kusahihisha mtihani ambamo Dario aliyetuma jeshi Marathon aliuawa akimkimbia Alexander wa Makedonia, miaka 160 baadaye.

Mfuatano wa matukio si mgumu mkizoea kwamba miaka ya KK hupungua kadiri tunavyosonga mbele. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwashinda Wamedi mnamo 550 KK, akaitwaa Sardis, mji mkuu wa Lidia, kutoka kwa mfalme Croesus, kisha akaingia Babeli mwaka 539. Mwanawe Cambyses aliiteka Misri mwaka 525. Naye Dario wa kwanza akaigawa dola katika majimbo yenye maliwali na kodi iliyokadiriwa. Miji ya Ionia iliasi mwaka 499, Athens ikaisaidia kwa merikebu 20, na mwaka uliofuata Sardis ikachomwa moto. Ugomvi wenyewe ulianzia hapo.

Shahidi mkuu ni Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani aliyeandika habari za vita hivyo, na sipendi desturi ya kumdharau ambayo baadhi ya wanafunzi huivaa mara tu wanapojifunza kwamba alikosea. Alizaliwa Halicarnassus, mji wa Kiyunani uliokuwa chini ya Waajemi, na mwanzoni kabisa mwa kazi yake anasema anataka matendo makuu ya pande zote mbili yasisahaulike. Hata hivyo anatuambia kwamba askari wa miguu wa Xerxes, mwana wa Dario aliyeivamia Uyunani, walikuwa 1,700,000. Kabla ya kuinakili idadi hiyo, kaeni na ramani mjiulize watu hao walikunywa maji ya mto gani, unga wao ulibebwa na nani, na msafara wao ulikuwa na urefu gani njiani. Hakuna mwanahistoria makini anayeikubali leo.

Swali hilo la unga ndilo lililonipeleka kwa Waajemi wenyewe. Hawakutuachia mwanahistoria wa kulinganishwa na Herodotus, lakini walituachia makarani. Mnamo 1933 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuta katika ukuta wa ngome ya Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, maelfu ya vibao vya udongo, vingi vikiwa vidogo kiasi cha kutoshea kiganjani, vimepigwa muhuri na kuandikwa kwa Kielamu, lugha ya kale ya kusini-magharibi mwa Iran, kati ya 509 na 493 KK. Ni hesabu za posho: shayiri, unga, mvinyo na bia walivyopewa wafanyakazi, makuhani na wasafiri waliopita na hati ya ruhusa. Parnakka, mkuu wa utawala huo, alipewa kondoo wawili kwa siku pamoja na unga na mvinyo wa kulisha nyumba nzima. Mwanamke aliyejifungua aliongezewa posho, na aliyezaa mtoto wa kiume alipata maradufu ya aliyezaa wa kike. Kati ya vibao hivyo kimo kimoja kilichoandikwa kwa Kiyunani, maneno machache tu ya kuandikisha mvinyo, kipimo na mwezi. Katikati ya dola ya Dario, kabla ya Marathon, palikuwa na karani aliyeandika Kiyunani na wenzake ofisini wakamwelewa.

Mkikiweka kibao hicho mbele yenu, hata vita vyenyewe vitabadilika sura. Nguzo ya shaba iliyotengenezwa kwa ushindi wa Wayunani dhidi ya Waajemi mwaka 479 KK, ikiandikwa majina ya miji iliyopigana, ambayo sehemu yake bado imesimama Istanbul, ina majina ya miji 31 tu, ilhali miji ya Wayunani ilihesabiwa kwa mamia. Thebes ilipigana upande wa Xerxes. Huko Salamis, malkia Artemisia wa Halicarnassus aliongoza merikebu zake dhidi ya Athens. Themistocles, kiongozi wa Athens ambaye ndiye hasa aliyeuleta ushindi huo, alifukuzwa na mji wake akaishia kuwa mtumishi wa mfalme wa Uajemi, akipewa mapato ya Magnesia. Baadaye Sparta iliishinda Athens kwa merikebu zilizogharamiwa na dhahabu ya Waajemi, na mwaka 386 KK amani kati ya Wayunani wenyewe ilitangazwa kwa amri ya Artashasta wa pili.

Kwa Alexander nendeni polepole. Vitabu vingi humfanya mwisho wa hadithi, kwa kuwa alivuka kuingia Asia mwaka 334, akamshinda Dario wa tatu huko Gaugamela mwaka 331 na kuiacha Persepolis ikiungua mwaka 330. Lakini Mazaeus, Mwajemi aliyepigana dhidi yake Gaugamela na kisha kumkabidhi Babeli, aliteuliwa papo hapo kuwa liwali wa mji huo. Kabla hamjaandika neno «kuanguka» katika insha zenu, hesabuni ni maliwali wangapi waliobaki ofisini.