Udzungwa ni ya Miguu

Maswali yenu kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, katika mikoa ya Morogoro na Iringa, yamekuwa mengi. Leo najibu manne.

Nina Noah. Itanifikisha hadi maporomoko ya Sanje?

Haifiki, na hata Land Cruiser haifiki. Ukitoka Mikumi unashika barabara ya Ifakara, unapita mashamba ya miwa ya Kidatu, unaegesha kijijini Sanje. Kutoka hapo ni miguu yako na muongozaji.

Nina miaka 62 na magoti yananisumbua. Nitaweza?

Shikamoo mama. Sanje usiiendee kwa pupa: maporomoko yana urefu wa mita 170, na njia yake, saa nne hivi kwenda na kurudi, ina miinuko ya kukata pumzi. Anza na njia fupi ya Prince Bernhard, karibu na ofisi za hifadhi. Chukua fimbo. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka, kwa hiyo mkirudi usiwafukuzie vijana.

Msitu ni msitu. Huu una nini cha zaidi?

Hapa naomba tukae kidogo. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita, Kenya. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeulea msitu huu kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka. Baadhi ya viumbe waliobaki humu wakawa wa humu tu. Yupo kima wa kijivu, ng'olaga, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Hushuka chini kutafuta chakula. Ukitulia utamsikia kabla hujamwona: anafukua majani makavu kwa vidole, anaokota mbegu, anaipasua kwa meno, kak! Juu yake mbega wekundu wanarukaruka, matawi yanainama na kurudi. Mimi kwa hilo pekee ningerudi kila mwaka.

Twende lini, tuvae nini?

Juni hadi Oktoba. Masika njia huteleza vibaya. Vaeni viatu vyenye meno na suruali ndefu, pindo zake mzichomeke ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Wanaotaka kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,000, wabebe hema na chakula cha siku tatu. Huko mtafuatana na askari mwenye silaha, maana tembo na nyati hupita njia hizo hizo.