Ukitoka jukwaani kwenda kwenye kamera, jihadhari na mwendelezo

Wasichana wengi wanaoingia kwenye tamthilia za runinga wametokea jukwaani. Wengine wamepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo; wengine wamezunguka na vile vikundi vya Kenya vinavyoigiza vitabu vya fasihi mashuleni, ambako unabeba mchezo mzima bila maiki ndani ya bwalo lililojaa wanafunzi. Malezi hayo ni mazuri mno. Pumzi ya tumboni na nidhamu ya mazoezi usiviache kamwe. Ila kuna jambo moja ambalo jukwaa halikufundishi, nalo ni mwendelezo: vitendo, mavazi na hisia zako zioane kutoka kipande kimoja cha picha hadi kingine.

Jukwaani unaigiza mara moja, mwanzo hadi mwisho. Kwenye kamera sini moja hurudiwa: picha pana, kisha yako ya karibu, kisha ya mwenzako, na kila moja inaweza kupigwa mara 3 au 4. Chukua sini ya kunywa chai. Kwenye picha pana uliinua kikombe kwa mkono wa kulia uliposema "mama", ukakishusha kabla ya "amekataa". Kwenye picha ya karibu ukakiinua kwa kushoto. Vipande hivyo havitaungana, na mhariri ataweka sura ya mwenzako mahali pa yako, hata kama ulilia kwa uchungu wa kweli. Kwa hiyo punguza vitendo. Viwili au vitatu vinatosha, kila kimoja kifungwe kwenye neno lake. Chai yenyewe ionje tu. Ukimeza mafunda, kikombe kitajazwa upya kila mara na watu watakusubiri.

Mtandio nao husumbua kuliko kikombe. Umeangukia bega lipi? Pindo lipi liko juu? Kabla hujatoka kwenye seti, omba upigwe picha kwa simu yako: mbele, nyuma, pembeni zote mbili, na viganja. Kilemba unachofungua leo huenda kikafungwa tena baada ya wiki mbili kwa sini inayoendelea dakika ileile ya hadithi. Usisuke upya wala kubadili kucha mpaka uambiwe sini zako zimekwisha.

Sini hazirekodiwi kwa mpangilio, hivyo chora jedwali kwenye daftari: namba ya sini, siku ya hadithi, nimetoka wapi, nimevaa nini, na mpaka hapa najua nini. Safu hiyo ya mwisho usiiruke. Anayerekodi mazishi asubuhi na harusi jioni huingia harusini na huzuni ya msiba ambao bado haujatokea.

Maiki ya kifuani hunasa kila kitu: vua bangili, na kanga mpya ifue kwanza, la sivyo mchakacho wake utafunika maneno. Macho yako yakae kwenye jicho la mwenzako lililo karibu na kamera. Ukihamahama kati ya macho yake mawili utaonekana una wasiwasi. Kama kuna kulia, muulize mwongozaji ataanza na picha ipi, uyatunze machozi kwa ajili ya ile ya karibu.

Mkataba usome kabla ya siku ya kwanza. Unalipwa kwa siku, kwa sini au kwa kipindi? Lini? Ikirushwa tena, au ikiwekwa YouTube, una chako? Mkimaliza saa sita usiku, nani anakufikisha nyumbani? Majibu yaandikwe.

Na usaili, mdogo wangu, uwe mahali pa kazi, kuna kipande cha kuigiza na watu zaidi ya mmoja. Ukiitwa chumbani hotelini, usiende. Kwa Tanzania, rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa bure kwa namba 113. Jumbe alizokutumia mtu huyo usifute hata moja.