Onyesha kwamba unalinda, ficha unalinda wapi

Baadhi ya wasimamizi wa ulinzi huficha kila kitu, hadi kamera. Wanakosea: mwizi asiyejua kwamba pana ulinzi hana cha kumtisha. Mabango, sare na taa vionekane. Cha kuficha ni nani yuko wapi usiku wa leo.

Tuseme una walinzi 2 na malindo 3. Yape thamani: ghala 6, ofisi 3, karakana 2. (Pima kwa macho ya mwizi, daftari la mhasibu halijui kwamba nyaya za shaba hubebeka kuliko mashine.) Kawaida walinzi huwekwa ghalani na ofisini kila usiku, na mtu akichungulia wiki moja tu, anaingia karakana bila wasiwasi.

Rusha dadu moja kila jioni. Ikitoka 1, ghala libaki bila mlinzi. 2 au 3, ofisi. 4, 5 au 6, karakana. Sasa zidisha thamani ya kila lindo kwa uwezekano wa kubaki bila mlinzi: 6 kwa 1/6, 3 kwa 1/3, 2 kwa 1/2. Zote ni 1. Popote mwizi atakapojaribu, tarajio lake (wastani wa atakachopata) ni lile lile, kwa hiyo hata akiipata kanuni yako haimfaidii kitu. Polisi wa uwanja wa ndege wa Los Angeles walianza mwaka 2007 kutumia programu yenye wazo hilo kupanga vizuizi vya barabarani na doria za mbwa.

Mambo huharibika dadu ikitoa namba ile ile siku tatu mfululizo. Mkuu wa zamu huona haiwezekani, anarusha tena, na hapo mazoea yake yamekwisha kuingia. Wengine hurusha Jumatatu kwa wiki nzima, kisha wanabandika ratiba ukutani! Rusha dakika chache kabla ya zamu, na waambie walinzi wa zamu hiyo tu.

Udanganyifu nauogopa zaidi. Kamera bandia nyingi hujisaliti kwa taa nyekundu inayopepesa, au waya usioelekea popote. Ikigundulika moja, hata za kweli hazimtishi mtu. Ukilazimika, funga makasha meusi yanayofanana, kamera ya kweli uihamishe mara kwa mara bila kushuhudiwa, na mlinzi asitegemee kasha lolote kuwa jicho lake. Kitufe cha dharura kisiwe bandia kamwe.