Tumealikwa Watertown, twende lini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu kaolewa Watertown, South Dakota, huko Marekani, sasa atuita mimi na babake Januari, asema watu wakarimu na kuna ziwa. Sisi wa Likoni tutaweza kweli? – Mama wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Januari hapana, mwambie awangoje Julai! Huko ni nyasi tupu, tambarare, hakuna cha kuzuia upepo, na baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, leso ukiianika nje yasimama kama ubao. Ziwa lenyewe, Kampeska, huganda mpaka watu wapita juu na magari, watoboa barafu, watia ndoano kwenye kishimo halafu wakae kibandani wangoje samaki (mie sithubutu). Julai ndo raha, kuna boti, kuna zoo ya Bramble Park, kuna jumba la picha za Terry Redlin, mchoraji mzaliwa wa hapo hapo. Mji wenyewe mdogo, watu kama 22,000 hivi, mwaweza kuuzunguka bila haraka. Ila jua lachelewa, magharibi mtaiswali saa tatu usiku na zaidi, babake ajue mapema asije akalalamika njaa. Viza anzeni sasa. Na halua mbebe, majirani wa binti wakija kuwaamkia msikose cha kuwapa.