Bikoni, nyufa na mitetemo: mpima ardhi anajibu

Mbukwenyi wasomaji. Wiki hii kapu limejaa mambo ya matetemeko, basi migogoro ya mipaka na hati miliki itasubiri, isipokuwa swali moja la mwisho ambalo nimeshindwa kulipita.

Shikamoo mwalimu. Nyumba yangu ina ufa kutoka kona ya dirisha hadi kwenye lenta. Jirani anasema ni Bonde la Ufa linapanuka. Nihame? (Mama Neema, Nkuhungu)

Marahaba mama. Usihame, mwite fundi kwanza. Bonde la Ufa kwa upande wetu wa Dodoma hupanuka milimita chache kwa mwaka, na hizo nazo zimetawanyika kwenye eneo la makumi ya kilomita. Kucha zako hukua karibu milimita tatu kwa mwezi mmoja tu. Upanuzi wa namna hiyo hauwezi kuja kuchagua dirisha lako.

Mshuku udongo. Kama umejenga juu ya ule mfinyanzi mweusi wa mbugani, ukinyeshewa Januari unavimba, ukifika Septemba umesinyaa na kupasuka. Msingi mwepesi hauvumilii mchezo huo. Chukua penseli, chora mstari unaokatiza ufa, andika tarehe, kisha pima upana wake kila mwezi kwa mwaka mzima. Ukiona unafunguka kiangazi na kujibana wakati wa mvua, mwenye kosa umempata. Na ujue kwamba hapo utakuwa umefanya kazi ileile tunayoifanya sisi kwenye Bonde la Ufa. Tofauti ni bei ya penseli.

Mnajuaje kwamba ardhi imesogea milimita mbili wakati hata mguu hausikii? (Baraka, mwanafunzi, Chimwaga)

Kwa njia mbili, na kila moja ina uongo wake.

Ya kwanza ni kipokezi cha GPS kilichofungwa kwenye mwamba imara, si kile cha kwenye simu yako kinachokosea kwa mita kadhaa. Hiki hukaa palepale usiku na mchana, kikirekodi mawimbi ya satelaiti. Siku moja haisemi kitu. Miaka mitatu au minne ya vipimo vya kila siku ndiyo inayoanza kuonyesha mstari, na ndani ya mstari huo unaona hata ardhi ikibonyea kidogo msimu wa mvua kwa uzito wa maji, halafu ikiinuka yakikauka. Mtu asiyejua hilo akipima Machi na kurudi Oktoba, atatangaza mlima unapanda!

Ya pili ni rada ya satelaiti. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, hupita umbali wa karibu kilomita 700 juu yetu na kurudi njia ileile baada ya siku 12. Hutuma wimbi lenye urefu wa sentimita 5.6 hivi, likagonga ardhi na kurudi. Ukilinganisha mapigo ya picha mbili, tofauti ndogo ya umbali hujitokeza kama michirizi ya rangi. Kila mchirizi mmoja kamili ni sentimita 2.8 za ardhi kusogea karibu au mbali na satelaiti. Picha za aina hii zilipata umaarufu baada ya tetemeko la Landers kule California mwaka 1992, na leo za Sentinel-1 zinapatikana bure kwa yeyote mwenye bando na subira.

Uongo wake? Unyevu hewani huchelewesha wimbi, na ukizembea unausoma kama ardhi. Tena rada haipendi majani. Majabali na mabati ya Dodoma huijibu vizuri sana, lakini majaruba ya mpunga ya Bahi hubadilika kila wiki, na picha yake huwa vurugu tupu.

Wazee wanasimulia tetemeko la 2002. Kwani chini yetu kuna mpasuko? (Chamwino)

Upo, tena si mmoja. Tetemeko la Novemba 4, 2002 lilikuwa la kipimo cha 5.5. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linaposhuka kutoka Manyara huja kufifia huku kwetu, likigawanyika katika mipasuko kama ule wa Bubu, wa Bahi na wa Hombolo. Ukipanda treni kwenda Manyoni, pale Saranda inapoanza kukwea ukuta ule wa Kilimatinde, unakwea ukingo wa bonde lenyewe. Wengi hulala hapo, wakakosa somo la bure.

Miamba yetu ni ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, migumu na baridi. Mwamba wa hivyo hujipinda kama upinde: unavutwa kidogo kidogo kwa karne nyingi, pande mbili za mpasuko zikiwa zimeng'ang'aniana, hadi siku msuguano unaposhindwa. Kinachotikisa nyumba ni ule mfyatuko. Sisi tunachopima ni kule kuvutwa, kazi isiyo na habari ya kuandika gazetini.

Lile tope la Hanang lilikuwa volkano? (Kondoa)

Hapana. Hanang ni mlima wa volkano kweli, ila lile la Desemba 3, 2023 lililoua watu zaidi ya 80 lilikuwa maporomoko: mwamba uliolainika ulinyonya maji ya mvua, ukameguka na kushuka na mawe na miti hadi Katesh.

Ukitaka kuona volkano inavyosogeza ardhi, nenda kaskazini zaidi. Julai 2007 matetemeko yalifululiza karibu na mlima Gelai, kubwa kuliko yote likiwa la 5.9. Rada ilipolinganishwa, ikaonekana mpasuko mmoja ulikuwa umeteleza polepole bila kishindo, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza chini ya ardhi kama ukuta uliosimama, ikitanua pande zake. Haikutokea juu hata tone. Septemba yake, jirani Ol Doinyo Lengai akalipuka. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kizuri kuliko vyote nchini, kwa sababu bila rada tungebaki kuhesabu mitikisiko tu. Leo kuna vipokezi vya GPS kuzunguka Lengai, na Chuo Kikuu Ardhi ni mmoja wa wanaoshiriki kazi hiyo.

Kuna ujumbe WhatsApp unasema tetemeko litapiga saa nane usiku. (wengi)

Futa. Hakuna anayeweza kutaja siku, sembuse saa. Volkano walau huvimba kabla ya kulipuka na tunaiona; mpasuko hauna adabu hiyo. Tunaweza kusema wapi pamebanwa na kwa kasi gani, ili anayemwaga nguzo za ghorofa pale Mtumba aweke nondo za kutosha.

Kama bara linasogea, bikoni za kiwanja changu zitahama? (Ilazo)

Zinahama, kama sentimita mbili na nusu kwa mwaka kuelekea kaskazini mashariki, pamoja na wewe, choo chako, jirani yako na Dodoma nzima, kwa hiyo mpaka unabaki palepale. Ukikuta bikoni imesogea mita nzima huku nyingine zimetulia, hiyo si jiolojia. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa.