Kabla hujabandika trei za mayai ukutani

Wanaoanza kurekodi nyumbani, wawe wa mashairi, wa kaswida au wa vipindi vya mtandaoni, huniuliza jambo lile lile: maiki nimenunua nzuri, mbona sauti inavuma na maneno yanazama? Mara nyingi wanapofika kwangu wameshashauriwa na mtu mwingine, na ushauri wenyewe ni trei za mayai. Ukuta mzima umejaa trei, mvumo uko pale pale. Kazi yangu ni kurekodi sauti za watu, na nyingi nimezirekodi katika vyumba vya kupanga vya futi 10 kwa 10. Ninachomwambia kila mmoja ni kwamba asinunue wala asibandike chochote kabla hajajua chumba chake kinavuma kwa sauti ipi.

Sauti ni hewa inayobanwa na kuachiwa, na mbano huo ndio unaosafiri. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Dar es Salaam, husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa idadi ya mitikisiko ya kila sekunde, ile tunayoihesabu kwa hezi, utapata urefu wa wimbi moja. Sauti nyembamba ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 35. Sauti nzito ya hezi 100 ina wimbi la mita tatu na nusu, refu kuliko chumba chenyewe. Shika hapo, maana makosa mengi ya studio za nyumbani yanatokana na kuyatendea mawimbi haya mawili kama kitu kimoja.

Futi 10 ni mita 3.05. Wimbi likigonga ukuta linarudi, linagonga wa pili, linarudi tena. Yapo mawimbi ambayo nusu yake inaenea barabara kati ya kuta hizo mbili, na hayo kila yakirudi yanakuta wimbi jipya liko katika hatua ile ile, kwa hiyo yanaongezeana nguvu. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kila anapofika mwisho wa mwendo wake, msukumo mdogo tu unampeleka juu sana. Kwa chumba hiki sauti ya kwanza ya aina hiyo ni takriban hezi 57, kisha mara mbili yake, 114, kisha 172, kisha 229, na kuendelea.

Koo la mtu nalo halitoi sauti moja tupu. Mwanamume anayeongea kwa sauti ya msingi ya hezi 114 anatoa papo hapo 228, 342, 456 na nyingine juu yake, kila moja kwa nguvu yake. Hizo ndizo hamoniki. Kwa sababu yake udi na zumari vikipiga noti moja bado unajua kipi ni kipi, na kwa sababu yake unamtambua mama yako kwenye simu kabla hajataja jina. Ukilinganisha namba za koo na namba za chumba utaona balaa lilipo. Mtu huyu akiongea ndani ya futi 10 kwa 10, sauti yake ya msingi na hamoniki zake zinaangukia pale pale chumba kinapopenda kuvuma. Na kwa kuwa urefu na upana wa chumba ni sawa, kuta za pande zote mbili zinavumisha sauti zile zile kwa pamoja. Dari nayo ikiwa futi 10, zinakuwa pande tatu. Ndiyo maana, ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua chumba cha futi 10 kwa 12 au 13 hata kama tailizi zake zimechakaa. Chumba cha mraba kiwe cha kulala.

Kuijua sauti ya chumba chako hakuhitaji kifaa. Zima feni, simama karibu na ukuta, funga mdomo uanze kuguna kutoka chini kabisa ya koo lako, ukipanda polepole. Utafika mahali ambapo chumba kinakuitikia, sauti inakua bila wewe kuongeza pumzi. Mwanamume ataipata karibu na 114 kwenye chumba cha futi 10. Mwanamke huenda asishuke hadi hapo, yeye ataipata kwenye 172 au 229. Kisha tembea huku ukiendelea kuguna sauti hiyo hiyo. Kuna hatua utasikia inafifia, hatua nyingine inarudi kwa nguvu. Kwenye pembe huwa kubwa kuliko kote, kwa sababu huko mbano wa mawimbi yote hukusanyika.

Matembezi hayo yanakuonyesha pa kuweka maiki, na hiyo ni tiba isiyokugharimu hata senti. Katikati kabisa ya chumba, mahali ambapo wengi huona ndipo penye usawa, sauti ya pili ya chumba, ile ya 114, iko katika kilele chake. Mimi huanzia futi 4 kutoka ukuta mmoja na futi 3 kutoka ule wa pembeni yake, halafu nasogeza kidogo kidogo kwa kusikiliza. Umbali wa kuta mbili usilingane. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maiki, ili sauti yako ifike ikiwa na nguvu kuliko ile inayorudi kutoka ukutani. Ukisogea karibu zaidi ya hapo, maiki nyingi za kuimbia zinaongeza besi zenyewe, na utakuwa umejirudishia ugonjwa uliokuwa unautibu.

Sasa turudi kwenye trei. Kitu chenye vinyweleo, kama sponji au blanketi, hunyonya sauti vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya wimbi. Robo ya wimbi la hezi 1,000 ni sentimita 9, na godoro la inchi 4 linalifikia. Robo ya wimbi la hezi 114 ni zaidi ya sentimita 75. Trei ni karatasi nyembamba yenye uwazi nyuma yake. Inapunguza kidogo sauti nyembamba, mvumo inauacha ulivyo, na chumba kinabaki kizito na kibovu zaidi masikioni. Tena inashika moto upesi, na wewe umeizungushia nyaya za umeme. Ibandue.

Fedha yako ipeleke kwenye unene. Magodoro ya zamani yaliyokunjwa na kusimamishwa kwenye pembe, magunia ya nguo hadi juu, kabati lililojaa na milango yake wazi. Blanketi zito ukilining'iniza shubiri moja mbele ya ukuta linafanya kazi kuliko likigusa ukuta, maana hewa iliyo ukutani kabisa haitembei, na kitambaa hunyonya sauti pale hewa inapotembea. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard huko Marekani, alifika mbali kwa vitu kama hivi. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilibaki likisikika kwa sekunde tano na nusu hivi. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, akapima kwa saa ya kuhesabia sekunde na bomba la kinanda kama cha kanisani, mpaka akapata kanuni ambayo wajenzi wa kumbi wanaitumia hadi leo.

Ila godoro halitazuia bodaboda wala mvua kwenye bati. Kuzuia sauti ya nje kunataka uzito: tofali, mlango mzito, nyufa zilizozibwa. Usimlipe fundi anayekuahidi kuondoa mvumo wa ndani na kuzuia sauti ya nje kwa sponji moja.

Kila unapobadilisha kitu, rekodi sentensi ile ile, ukisimama pale pale, usikilize kwa hedifoni kabla hujaongeza kingine.